Cheti cha BCBA hakifanyi kazi kila nchi

Je, mwalimu wa elimu maalumu mwenye BCBA, yaani cheti cha mchambuzi wa tabia, anaweza kufanya ushauri wa tabia nchi yoyote, na pia kuandika kuhusu kazi hiyo? Kuhusu cheti, hapana: hawezi kwenda nchi yoyote na kufungua ushauri wa tabia kwa cheti hicho peke yake. Ni cheti cha bodi ya Marekani, BACB, na tangu 1 Januari 2023 bodi hiyo haipokei tena maombi mapya kutoka nchi nyingi za nje. Nacho si chepesi: shahada ya uzamili, mtihani, na saa 1,500 hadi 2,000 za kazi chini ya msimamizi. Anayeishi kwingine aangalie IBAO, shirika la kimataifa la uchambuzi wa tabia, ambao wanatoa cheti cha kimataifa. Kibali cha kazi na leseni ya ualimu ni mambo mengine kabisa, kila nchi na yake.

Ila ujuzi wenyewe unasafiri. Mtoto anapindua kiti kila daftari la hesabu likitoka, anatolewa nje, kesho anarudia. Mshauri huandika kilichotangulia, tabia yenyewe na kilichofuata, anaona kwamba kutolewa nje ndiyo zawadi anayoitafuta. Hilo halibadiliki ukivuka mpaka. Ndiyo maana wengi wetu tuliotoka darasani hutangulia kuajiriwa shule za kimataifa, ushauri unafuata polepole.

Na kuandika kwa ajili ya kuchapisha? Kunawezekana sana, maana kazi hii ni kuandika kutwa. Lakini kumbukumbu za mtoto si mali yako: bila ridhaa ya mzazi usizichapishe. Kubadilisha jina tu hakutoshi, kijiji kizima kitamtambua.