Fundi kazima apdeti zote, nimwache?

SWALI: Habari kaka. Nina stationery hapa Majengo, Moshi, kompyuta mbili, moja Windows 10 nyingine 11. Fundi aliyeniuzia kazima apdeti zote, anasema zinamaliza bando na kuharibu mashine, na kweli kuna siku hiyo ya 11 ilijiapdeti printa ikagoma wateja wamejaa. Sasa mdogo wangu yuko chuo ananiambia hiyo ni hatari. Nimsikilize nani? – Mama Printi

JIBU: Dada, msikilize mdogo wako, ila fundi naye hajadanganya. Bando zinakula kweli, na kuharibu kunatokea, Oktoba 2018 Microsoft walitoa apdeti kubwa ya Windows 10 watu wengine wakakuta mafaili yamefutika, ikabidi waisimamishe. Lakini lile lilikuwa toleo jipya zima, siyo apdeti ya usalama ya kila mwezi, na hapo ndo wengi wanachanganya madesa. Toleo jipya hata ukilichelewesha miezi sio mbaya sana. Za usalama usifanye hivyo, kwa sababu zikishatoka (huwa Jumanne ya pili ya mwezi) wahalifu nao wanazichambua wajue tundu lilikuwa wapi, halafu wanamtafuta ambaye hajaziba.

Virusi vya WannaCry ndo ilikuwa hivyo hivyo. Tundu lilizibwa Machi 2017, virusi vikaja tarehe 12 Mei, vikafunga mafaili ya watu na kudai hela, hospitali za Uingereza zikaahirisha hadi upasuaji. Na vilikuwa vinaruka vyenyewe mashine hadi mashine, hakuna aliyebonyeza kitu. We mashine zako ziko wifi moja, wateja kutwa wanachomeka flashi, na nakuhakikishia hapo kwenye desktop kumejaa vyeti na namba za NIDA za watu.

Kwahiyo usizime, ahirisha. Ingia Settings, Windows Update, kuna sehemu ya kupause hadi wiki tano, ila mimi ningengoja siku nne tano tu kuona kama kuna watu wanalalamika. Kopi mafaili kwenye hard disk ya nje, ukishafunga duka uanze, na kama ni desktop iwe kwenye UPS (lile boksi la betri ya akiba) maana umeme ukikatika katikati hapo ndo utalia. Ikimaliza printi karatasi moja. Printa ikigoma, ingia Update history, Uninstall updates, unaitoa. Ila msimu wa maombi ya mikopo ya HESLB, foleni iko mlangoni, usiguse kitu mchana.

Shida kubwa ni hiyo ya Windows 10. Microsoft waliacha kuihudumia kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, angalia kama inapokea 11 (inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama ndani ya mashine, za zamani nyingi hazina), ikikataa itoe kwenye intaneti ibaki ya kuchapa na kuprinti tu.

Na fundi aje akuwashie alivyozima, bure.