Kufuatilia Picha Zako Mtandaoni, na la Kufanya Ukizikuta Zinatumika Bila Idhini

Mtu yeyote anayeweka picha mtandaoni, awe mpiga picha wa kulipwa au mzazi aliyependezwa na mahafali ya mwanawe, anapaswa kujua kwamba picha ikishapakiwa haikai pale ilipowekwa. Hunakiliwa, hukatwa kingo, huandikwa maneno juu yake, kisha huibuka kwenye tangazo la mikopo au kwenye tovuti ya kampuni ambayo mwenye picha hajawahi hata kuisikia. Kazi yangu ni kupiga picha hapa Nairobi, hasa harusi, mikutano na mandhari ya jiji, na kufuatilia mahali picha zangu zilipofika ni sehemu ya kazi hiyo sawa na kuandaa ankara. Kuipata picha si kugumu. Kinachoamua kama utasikilizwa au utapuuzwa ni yale unayoyafanya mara tu unapoipata, kabla hujamwandikia mtu yeyote.

Njia ya msingi ni kutafuta kwa kutumia picha yenyewe badala ya maneno. TinEye, iliyoanzishwa Toronto, Kanada, mwaka 2008, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kutoa huduma hiyo kwa umma. Google ikafuata mwaka 2011, na siku hizi upande wa Google kazi hiyo hufanywa na Lens. Nashauri uzitumie zote mbili, kwa sababu hazitafuti kitu kimoja. TinEye hutafuta nakala za picha ileile, hata kama zimepunguzwa ukubwa au kubadilishwa rangi, na inakuwezesha kuyapanga matokeo kuanzia nakala ambayo iliiona zamani zaidi, jambo linalosaidia sana pale mtu anapodai kwamba yeye ndiye aliyeitoa picha kwanza. Lens hupenda kuleta vitu vinavyofanana, kwa hiyo ukiipa picha ya jumba la KICC wakati wa machweo itakuletea KICC za wapiga picha wengine chungu nzima, nawe itabidi uchambue kwa subira. Bing na Yandex nazo zina huduma kama hiyo, na mara nyingine huona kurasa ambazo hizo mbili hazikuziona.

Uchambuzi huo unahitaji jicho la mtu aliyekuwepo. Picha yangu moja ya matatu kwenye Barabara ya Tom Mboya, iliyopigwa mvua ikinyesha, niliikuta kwenye tovuti ya kampuni ya utalii ya nje ya nchi. Sehemu ya chini ilikuwa imekatwa hadi katikati ya magurudumu, na jina langu lililokuwa pembeni likaondoka na kipande hicho. Hata hivyo, mkono wa kondakta uliokuwa ukipiga ubavu wa gari ulikuwa palepale, na nyuma yake mwanamke mwenye mwavuli wa kijani alikuwa ameinua mguu kuruka dimbwi, kisigino kikiwa hewani. Hakuna mtu mwingine anayeweza kupiga kisigino kile kwa mara ya pili. Tafuta vitu vidogo vya namna hiyo katika picha yako kabla ya kudai kuwa ni yako, maana kufanana kwa mandhari peke yake hakuthibitishi chochote. Aidha, igeuze picha kulia kushoto, uikate sehemu yake muhimu, kisha uitafute upya, kwa kuwa wanaonakili hufanya hivyohivyo ili isitambulike.

Usidhani kwamba mitambo hii huona kila kitu. Haiingii kwenye makundi ya WhatsApp wala kwenye akaunti zilizofungwa, na bango lililochapishwa na kutundikwa barabarani haliwezi kuonekana humo kabisa. Hayo utayajua tu kwa kuambiwa na watu wanaokufahamu. Kuna pia huduma zinazotafuta kwa sura ya mtu, kama PimEyes. Sipendekezi kabisa kupakia humo sura ya mtu mwingine bila idhini yake, kwa sababu sheria yetu ya data inazihesabu taarifa za kibayometria, yaani za maumbile ya mwili kama sura, kuwa data nyeti.

Sasa turudi kwenye ile hatua ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote. Ukiikuta picha yako, usiandike maoni ya hasira chini yake, kwa maana ukurasa unaweza kufutwa jioni hiyohiyo na ukabaki na maneno matupu. Piga picha ya skrini inayoonyesha ukurasa mzima, anwani yake na tarehe. Nakili anwani ya ukurasa na anwani ya faili la picha lenyewe, kisha uupeleke ukurasa huo kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo huhifadhi nakala yenye tarehe isiyotoka kwako. Andika pia ni simu au kompyuta gani uliyotumia, kwa sababu Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inazungumzia cheti kinachoambatana na ushahidi wa kielektroniki, na wakili wako atakuuliza jambo hilo mapema. Faili la awali kutoka kwenye kamera lihifadhi bila kuligusa, kwani lina tarehe na taarifa za kamera ambazo WhatsApp na Facebook huziondoa.

Baada ya hapo, jiulize kwa uaminifu kama haki unayoidai ni yako. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi, hata bila kusajiliwa, na kwa picha hudumu miaka 50. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mteja, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Wapiga picha wengi wa harusi jijini hawalijui hili, na inaniuma kuona mtu akihangaika kudai picha ambazo kwa mkataba wake, au kwa kukosa mkataba, si zake tena. Vilevile, kama uliipakia picha kwenye Unsplash, uliruhusu itumike bure, hata kibiashara.

Haki ikiwa yako, andika barua fupi yenye adabu: taja picha, ukurasa na tarehe, kisha useme waziwazi kama unataka ilipiwe, itajwe jina lako, au iondolewe. Wasipojibu, marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliweka utaratibu wa kumpelekea mtoa huduma ya intaneti notisi ya kuondoa kazi hiyo, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, hupokea malalamiko na kusajili kazi. Tovuti ikiwa imehifadhiwa Marekani, notisi ya aina hiyo hufuata sheria yao ya mwaka 1998 ijulikanayo kama DMCA. Google nayo inaweza kuiondoa picha kwenye matokeo ya utafutaji, ingawa picha yenyewe itabaki kwenye ile tovuti hadi mwenye tovuti au anayeihifadhi aiondoe.

Pale ambapo tatizo ni sura yako au ya mwanao, hakimiliki si mlango sahihi. Nenda kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, hata kama picha ilipigwa na mtu mwingine. Mwezi Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza klabu moja ya hapa jijini shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kuhitimishwa ndani ya siku 90, na bahasha ile ya ushahidi uliyoiandaa mwanzoni ndiyo utakayoiambatisha.