Namba kuishia na 7 si ushahidi kuwa ni tasa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimepewa namba 4,294,967,297. Inaishia na 7, na nimeigawa kwa namba tasa zote hadi 100, kila mara kunatokea baki. Tena ukiiongezea 1 unapata kigawe cha 6, na kuna video inayosema hicho ndicho kipimo cha namba tasa. Je, niseme ni tasa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiseme. Namba hiyo ni 641 × 6,700,417. Chukua karatasi uzidishe mwenyewe, usiniamini mimi wala video.

Hicho kipimo cha 6 nimechoka kuletewa kila muhula. Ni kweli kwamba kila namba tasa inayozidi 3 hukaa jirani na kigawe cha 6. Lakini huwezi kuigeuza kauli hiyo. 25 ni jirani ya 24, 35 ni jirani ya 36, 49 ni jirani ya 48, na hakuna iliyo tasa hapo! Ujirani huo unathibitisha jambo moja tu: namba haigawanyiki kwa 2 wala kwa 3. Anayeutangaza kuwa "fomula ya namba tasa" anawapotosha watoto wa watu.

Kugawa kwako ni kazi halali, ila umeishia njiani. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, na kipeuo cha namba yako kimepita 65,536 kwa chembe tu. Chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Wewe umejaribu 25.

Namba hii iliwahi kumponza hata mwanahisabati mashuhuri Pierre de Fermat. Mwaka 1640 alizitazama 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa, kila moja ikiwa ni 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, kisha kuongeza 1. Akaamini mfululizo wote uko hivyo. Inayofuata, yenye kipeo cha 32, ndiyo yako. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Leonhard Euler, akaivunja. Njia yake nayo ni ya mkato, lakini ina uthibitisho: kigawo tasa chochote cha namba hii kikigawanywa kwa 64 lazima kibakize 1. Tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano tu, na namba imegawanyika.

Wengine watakuambia upandishe 2 kwa kipeo kilicho pungufu ya namba kwa 1, ugawe kwa namba yenyewe, na baki likiwa 1 utangaze tasa. Namba yako inafaulu mtihani huo. 341 inafaulu pia, nayo ni 11 × 31. Mtu akikuletea njia ya mkato, mdai uthibitisho. Akikosa, mpe 25, 341 na hii yako azipime mbele yako.