Fleksi za Nini, na Tandale Ipo?

Watu wanaoanza kutengeneza bia nyumbani hapa Dar huniuliza jambo moja kuliko yote: fleksi za mahindi na za shayiri zinapatikana wapi? Wameshika resipe ya Mmarekani au Mwingereza, imeandikwa nusu kilo ya fleksi, wamezunguka mji mzima hawajaziona. Jibu langu huwaudhi kidogo. Achana nazo. Hela ya kuagizia na kulipia ushuru iweke kwenye kimea kizuri cha shayiri na hamira ya bia, maana hivyo viwili sokoni huvipati. Kazi ya fleksi inafanywa na nafaka tunazokula kila siku, zile za soko la Tandale, mradi uelewe fleksi yenyewe ni kitu gani.

Fleksi ni nafaka ambayo haikuoteshwa kuwa kimea. Imepigwa mvuke ikalainika, ikapitishwa katikati ya roli za chuma zenye moto, ikatoka bapa. Yaani imeshapikwa. Wanga wa nafaka mbichi umejifunga, na vimeng'enya vya kimea, vile vinavyougeuza kuwa sukari, haviugusi mpaka uvimbe na kulegea kwa maji na joto; tofauti yake ni ile ya sembe mkavu na ugali. Ndiyo maana fleksi unaimwaga tu pamoja na kimea kwenye maji ya nyuzi 65 au 67, ukafunika, na baada ya saa moja wanga umegeuka sukari.

Ukishalijua hilo, linabaki jambo moja: nafaka uliyonayo inalainika kwenye joto gani? Ngano, shayiri na oti zinalainika chini ya nyuzi 65 au hapo hapo, kwa hiyo humo humo kwenye sufuria la kimea zinaiva. Mahindi, mchele na mtama vinataka joto lipite nyuzi 70 ndipo wanga wote ulegee. Hapo vimeng'enya vinaanza kuchoka, na ukipita 75 unaviua. Hizo tatu lazima uzipike pembeni kwanza.

Mahindi ndiyo ninayoyatumia zaidi. Yanapunguza uzito wa bia, yanaipa rangi ya kung'aa na utamu mdogo sana kwa mbali. Bia ya kunywa saa kumi jioni Machi hii ya jasho haitaki kuwa nzito kama uji. Sasa, mahindi gani? Usitumie dona. Kiini cha hindi kina mafuta, na mafuta ni adui wa povu. Viwanda vya bia navyo hutumia mahindi yaliyotolewa kiini. Chukua mahindi yaliyokobolewa, yale ya makande, uyapeleke mashineni wakuparazie, wasiyasage. Unga laini wa sembe unatengeneza tope linaloziba kila kichujio. Mara ya kwanza fundi wa mashine aliniuliza, "Kaka, umeanza kufuga?" Nikamwambia nafuga hamira. Hakuelewa, lakini aliparaza vizuri.

Na yakague kwa macho na pua kabla hujalipa. Hindi lenye ukungu au harufu ya uvundo usilinunue hata ukipewa bure. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, na sumu hiyo haifi kwa kuchemsha. Muulize pia muuzaji kama mzigo umetiwa dawa ya fukusi.

Kwa bia ya lita 20 mimi hupanga hivi: kimea cha shayiri kilo tatu na nusu, mahindi ya kuparaza kilo moja. Toa gramu 200 za kimea hicho, kisage, kichanganye na mahindi kwenye lita nne za maji. Pasha mpaka nyuzi 70, acha robo saa. Hicho kimea kidogo kinafanya uji uwe mwepesi. Bila hicho utakuwa unasonga ugali. Halafu chemsha nusu saa huku ukikoroga, moto wa wastani, maana chini pakishika mwiko hautakusaidia na harufu ya kuungua haitoki tena kwenye bia. Wakati huo kimea kilichobaki kiko kwenye sufuria kubwa, lita kumi za maji, kimetulia nyuzi 55 hivi. Mimina uji wa moto humo kidogo kidogo, koroga, pima. Joto lote litapanda na kusimama karibu na nyuzi 66, ambapo ndipo tunapopataka. Likifika kabla uji haujaisha, subiri uliobaki upoe kidogo ndipo uumalizie. Kipimajoto hapa si anasa.

Mchele ni hadithi fupi. Nunua chenga, ni bei rahisi na zinaiva upesi. Zipike kwa maji mengi hadi ziwe mashendea kabisa, bila chumvi, bila mafuta, na tafadhali bila tui la nazi. Zimwage kwenye kimea zikiwa za moto kwa namna ile ile ya uji wa mahindi. Mchele hauleti ladha yoyote ya maana; unaleta kilevi na wepesi, basi. Wamarekani wa Budweiser wanautumia hadi leo. Mchele wa Kyela wenye harufu nzuri usiupoteze humu, kula.

Oti ndiyo fleksi pekee iliyokwishajaa supamaketi zetu, na wengi hawajui kwamba ndiyo ile ile iliyoandikwa kwenye resipe. Zile bapa za kawaida za kupikia uji zimepigwa mvuke tayari, unazitia moja kwa moja. Soma tu pakiti: zenye maziwa ya unga, sukari au ladha ya sitroberi waachie watoto. Nusu kilo kwenye kilo tano za nafaka inatosha kuipa bia nyeusi ule ulaini wa kuteleza kinywani. Nikitaka harufu ya biskuti nazikaanga kwanza kwenye kikaango kikavu hadi zigeuke rangi kidogo. Nunua pakiti ndogo, kwa sababu oti zina mafuta na kwa joto na unyevu wa mji huu zinachacha upesi.

Ubaya wa oti ni utelezi, unaotokana na kitu kinachoitwa beta-glukani. Ukizidisha, maji hayachujiki, unabaki umeinama juu ya ndoo mpaka kiuno kikuume. Dawa yake ipo na ni ya bei ya bure: maganda ya mpunga. Ng'ambo wanayauza kwenye vifuko vya gharama. Huku yanarundikwa nje ya mashine za kukobolea. Konzi kadhaa ukizioshea maji ya moto na kuzichanganya na kimea, zinaacha nafasi za maji kupita. Yachukue mashineni, usiyachukue kwa rafiki yako anayefuga kuku. Kama unachuja kwa mfuko wa kitambaa cha pazia, wala huyahitaji. Kamua tu mfuko.

Ngano mbichi haihitaji kupikwa pembeni. Ile ya kupikia bokoboko, ikiparazwa, inaingia moja kwa moja, inaleta povu zito na ukungu mzuri. Wabelgiji wana bia yao nyeupe ambayo karibu nusu ya nafaka yake ni ngano isiyooteshwa, na viungo vyake ni mbegu za giligilani na maganda ya chungwa. Hebu niambie ni nchi gani iliyo tayari kwa bia hiyo kuliko hii. Gramu 20 za giligilani iliyopondwa na ganda la juu la machungwa mawili, bila ule weupe mchungu, tia kwenye maji ya kimea yaliyochujwa yakichemka, dakika tano kabla ya kuepua.

Kuna wanaosema kuchanganya nafaka nyingine ni kuchakachua, wakitaja sheria ya Bavaria ya 1516 iliyotaka shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na maji tu. Sawa, ile ni Bavaria. Wachagga wanachanganya ndizi na kimea cha ulezi kupata mbege, na hakuna aliyewahi kuwaambia wanadanganya. Kinachonisumbua mimi ni kuongeza bila sababu. Jiulize unataka nini: wepesi, ulaini au povu? Mahindi na mchele kwa la kwanza, oti kwa la pili, ngano kwa la tatu. Ukizitia zote kwa pamoja, bia yako haina la kusema.

Nafaka hizi za kuongeza mimi siziachi zivuke theluthi moja ya nafaka zote. Kimea ndicho chenye vimeng'enya, nacho kinabeba mzigo wa wote. Kimea cheusi na kile cha karameli havina, kwa hiyo usivihesabu kama wabebaji. Pia hamira hupata chakula chake cha naitrojeni kwenye kimea, wala si kwenye mahindi au mchele. Nikikaribia kiwango hicho natia kijiko cha chai cha hamira ya mkate kwenye sufuria dakika kumi kabla ya kuepua. Inakufa, na hamira ya bia inaila. Ya bia yenyewe, kama huna friji ya kuchachushia, tafuta kveik ya Norwei, inayofanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 na zaidi. Hamira nyingine nyingi kwenye joto hilo zitakupa bia inayonuka rangi ya kucha.

Sukari ya kawaida? Nusu kilo kwa lita 20, isizidi. Inageuka kilevi yote na kuiacha bia kavu na nyembamba. Kornfleksi zinafanya kazi kwa sababu zimeshaiva, lakini unalipia boksi na chumvi.

Kwa mtama chagua mweupe. Baadhi ya mtama mwekundu una tanini nyingi zinazovifunga vimeng'enya. Upike kama mahindi. Muhogo nao unawezekana. Msumbiji walianza kuuza bia ya muhogo iitwayo Impala mwaka 2011. Nyumbani mimi hutumia unga wa muhogo mkavu uliosindikwa vizuri, siugusi muhogo mchungu mbichi, na napika uji mwepesi sana kwa sababu unavuta kama gundi.

Chochote utakachochagua, kabla ya kuchuja dondosha matone mawili ya maji ya kimea kwenye kisahani cheupe, weka tone la iodini ya duka la dawa. Likigeuka bluu-nyeusi, bado kuna wanga: funika, ngoja dakika kumi na tano, upime tena. Likibaki na rangi yake ya hudhurungi, chuja. Kisahani hicho kioshe, usirudishe tone hilo sufuriani.