Historia ya chama cha wakutubi wa sheria: anza na daftari la mweka hazina

Chama kikikaribia kutimiza miaka 50, kamati humteua mtu aandike historia yake, humkabidhi orodha ya wenyeviti na picha za dhifa, na kumpa miezi 3. Ukiandika kwa hivyo peke yake utapata majina yaliyopangwa mstari, na hakuna atakayejua chama kilifanya kazi gani. Tafuta kwanza vitabu vya hesabu. Muhtasari wa kikao utasema tu kwamba "jarida lilijadiliwa". Risiti ya mpiga chapa itakuonyesha zilichapwa nakala ngapi, lini, na kwa fedha ya nani.

Jambo la pili ni tarehe ya kuzaliwa, na hapo ndipo wengi huteleza. Tawi la mji linaweza kuwa na tarehe 3 tofauti: siku wakutubi walipokutana mara ya kwanza, siku katiba ilipopitishwa, na siku chama cha taifa kilipolikubali. Kila moja itakuwa na mzee wa kuitetea. Andika zote, kisha useme wazi umeichagua ipi na kwa nini. Chama cha taifa cha Marekani, American Association of Law Libraries, ni mfano mzuri. Kilianzishwa mwaka 1906 huko Narragansett Pier, Rhode Island, wakati wakutubi wa aina zote walipokuwa mkutanoni, na A. J. Small wa Iowa akawa rais wa kwanza. Usajili wake wa kisheria ulikuja mwaka 1935. Ukisoma hati ya usajili pekee, unakipunguzia chama miaka 29.

Angalia pia mwaka wa uongozi. Matawi mengi hubadilisha viongozi katikati ya mwaka, kwa hiyo "mwenyekiti wa 1962" anaweza kuwa watu wawili. Andika 1962–63 tangu mwanzo. Na wanawake, ambao ndio wamebeba sehemu kubwa ya kazi ya vyama hivi, zamani waliandikwa kwa majina ya waume zao. Mtu mmoja anaweza kuonekana mara mbili katika orodha, au akapotea kabisa baada ya kuolewa. Linganisha majina na mahali pa kazi kabla ya kuhesabu wanachama.

Sasa kazi yenyewe, maana hiyo ndiyo historia. Tafuta orodha za pamoja, zile zinazoonyesha ni maktaba gani ina kitabu au jarida gani. Wakutubi wa sheria wa Washington, D.C., ambao chama chao kilianza mwaka 1939, walitengeneza orodha ya pamoja ya historia za utungaji wa sheria: wakili akitaka miswada, ripoti za kamati na mijadala iliyozaa sheria fulani, orodha humwambia ni maktaba ipi imeshakusanya jalada hilo. Linganisha toleo moja na jingine. Utaona maktaba zilizoingia, zilizofungwa, na ofisi za mawakili zilizoungana na kuacha jina la zamani. Hakuna hotuba ya mwenyekiti itakayokupa hayo.

Karatasi nyingi hazipo ofisini kwa chama, kwa sababu chama chenyewe hakina ofisi. Zipo chini ya meza za makatibu waliopita, na mwajiri akihama jengo hutupwa. Barua pepe ni mbaya zaidi: zimekaa kwenye anwani za kazini, na mtu akiacha kazi akaunti hufungwa. Kwa hiyo waandikie viongozi wa miaka 15 ya mwisho kabla ya kwenda kwa wastaafu. Waombe mambo mahususi: mihtasari, hesabu, katiba na marekebisho yake, jarida la habari, diski za flopi. Ukiomba "chochote ulicho nacho", utaletewa picha.

Karatasi za faksi za zamani huanza kufifia hata zikiwa ndani ya bahasha, kwa hiyo zitoe nakala siku hiyo hiyo. Ondoa vibanio vyenye kutu na mipira ya kufungia karatasi, lakini usivunje mpangilio wa jalada, kwani barua iliyokaa juu ya nyingine mara nyingi ndiyo jibu lake. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, kamwe si kalamu ya wino. Skani maandishi kwa nukta 300 kwa inchi, picha kwa 600, na kila faili lianze na tarehe: 1957-03-12_muhtasari. Bila hivyo, baada ya mwaka utakuwa na mafaili mia yanayoitwa "skani".

Mahojiano yaje baadaye, ukiwa tayari na hati mkononi. Swali la "ilikuwaje zamani?" huleta sifa. Weka mbele ya mzee muhtasari wenye kura zilizogawanyika, umuulize nani alipinga na kwa sababu gani. Dakika 60 hadi 90 zinatosha. Asaini ridhaa kabla ya kuondoka.

Ugomvi usiufiche. Mwaka 2016 wanachama wa chama cha taifa cha Marekani walikataa kwa kura nyingi pendekezo la kuondoa neno maktaba katika jina lao. Mjadala ule unaeleza taaluma ilivyojiona kuliko sherehe yoyote.

Ukifanya kazi hii Afrika Mashariki, usitafute jalada lenye jina la wakutubi wa sheria pekee. Anza na kumbukumbu za East African Library Association, iliyoanzishwa miaka ya 1950, halafu vyama vya kitaifa vilivyorithi nafasi yake, kisha maktaba za mahakama na za vitivo vya sheria.

Mwisho, makasha yapelekwe kwenye hifadhi ya kudumu. Chama cha Marekani kiliweka yake katika Chuo Kikuu cha Illinois. Mkataba useme nani anaruhusiwa kusoma, nini kimefungwa na hadi mwaka gani, na nani ataleta nyaraka za kila uongozi unaomaliza muda wake. Kipengele hicho cha mwisho kiingizeni kwenye katiba ya chama, kiwe jukumu la katibu anayeondoka, kabla hajakabidhi ofisi.