Laki nne za kupaisha kitabu: jibu kwa mwalimu wa Morogoro

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Mwaka jana nilichapisha riwaya yangu ya kwanza kwa fedha zangu mwenyewe, nakala 500, na kila nakala ilinigharimu shilingi 6,000 kiwandani. Naiuza 10,000. Ndugu na walimu wenzangu walinunua kama 70, baada ya hapo kimya. Nakala zilizobaki ziko kwenye maboksi chini ya kitanda. Instagram nina wafuasi 812 na naposti karibu kila wiki. Sasa kuna kijana anasema nikimpa laki nne ataniongezea wafuasi elfu kumi na "kukipaisha" kitabu ndani ya mwezi mmoja. Nimpe? Na kama siyo yeye, wasomaji nitawapata wapi? Nimekutumia nakala moja kwa basi, pamoja na jina la akaunti yangu.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Usimpe.

Wafuasi anaokuahidi ni akaunti tupu zinazouzwa kwa mafungu kama dagaa. Nyingi hazina mtu nyuma yake, na zenye mtu, mtu huyo hajui hata neno moja la Kiswahili. Baada ya muda Instagram inazifagia, namba inashuka, na simu ya kijana haipatikani. Laki nne kwa hesabu yako mwenyewe ni gharama ya kuchapa nakala 66 na chenji inabaki. Swali hili naletewa karibu kila wiki na sitalipotezea muda zaidi, kwa sababu kinachonikera mimi siyo kijana huyo. Kinachonikera nimekikuta kwenye akaunti yako.

Nimepitia posti zako zote. Ni 43. Kati ya hizo, 39 ni picha ya jalada: jalada mezani, jalada kwenye nyasi, jalada na kikombe cha chai, jalada mkononi mwako siku uliyovaa kitenge cha kijani. Chini yake maneno ni yale yale, "Kitabu kiko sokoni, jipatie nakala yako sasa." Nne zilizobaki ni salamu za sikukuu. Hakuna hata sentensi moja ya riwaya yako.

Kisha nikafungua kitabu chenyewe. Nakiri sikutegemea makubwa. Vitabu vinavyonifikia kwa basi ni vingi. Nikafika ukurasa wa 37. Mama anauza vitumbua stendi ya Msamvu alfajiri, basi la Dodoma limesimama, abiria anatoa mkono dirishani na noti ya elfu mbili, na kwenye kidole gumba cha mkono ule kuna kovu la kuungua analolijua. Ni la mume wake, aliyezikwa miaka mitatu iliyopita katika jeneza ambalo walikatazwa kulifungua. Anamfungia vitumbua kwenye gazeti, anamhesabia chenji, anamrudishia. Basi linaondoka. Nilisoma ukurasa ule nimesimama, begi bado liko begani.

Huo ndio ukurasa uliouficha chini ya kitanda, Mwalimu, halafu ukawaonyesha watu jalada mara 39.

Nikiwauliza waandishi kwa nini hawaonyeshi walichoandika, wananijibu kwa sauti ya chini, kama watu wanaozungumzia shamba la urithi: "Wataniibia." Wataiba nini? Wizi wa vitabu upo, siukatai. Faili zima la kitabu linazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, vitabu vya kiada vinatolewa fotokopi mchana kweupe, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, ipo kwa ajili hiyo. Kwa hiyo usimtumie mtu faili zima, hata akijiita mchambuzi. Lakini kurasa tatu? Mwenye kurasa tatu hana kitabu, ana hamu. Muuza nazi wa sokoni anakupasulia moja uonje maji, na hajawahi kufunga biashara kwa sababu hiyo. Waandishi wetu wanataka mteja alipe 10,000 kwa nazi ambayo hata kuitikisa hajaruhusiwa.

Ajabu ni kwamba sisi ndio tuliotakiwa kulijua hili kuliko wote. Hadithi zetu kwa vizazi zimeanza kwa kuita, na haziendelei mpaka wasikilizaji waitike. Na walio na umri wangu wanakumbuka magazeti pendwa. Eric Shigongo na wenzake walikuwa wakitoa riwaya vipande vipande kwenye magazeti, na kila kipande kilikatwa pale pale mtu anapofungua mlango au anapopokea simu, kisha neno moja: Itaendelea. Mama mmoja jirani yetu Kinondoni alikuwa akinituma gazeti, akilipokea analipindua moja kwa moja hadi ukurasa wa hadithi. Habari za wabunge alikuwa anazisoma baadaye, pengine wakati anafungia maandazi. Leo vijana wanafanya hivyo hivyo kwa WhatsApp: sehemu tano za mwanzo bure, ya sita unatuma buku, yaani shilingi elfu moja, kwa M-Pesa. Wengi wao uhariri wao unanitoa machozi, na bado wanauza, kwa sababu msomaji ameshaonja.

Basi tuje kwako. Chukua ukurasa wa 37. Wewe ni mwalimu, una sauti ya kufika dawati la nyuma; usome kwa sauti, dakika tatu, urekodi kwa simu. Ukate pale anapohesabu chenji. Usiongeze muziki wala "habari zenu wapenzi wasomaji". Mwisho taja jina la kitabu, bei, na namba ya kulipia. Weka Instagram, weka Facebook, tuma kwenye kundi la walimu. Wiki ijayo chagua kipande kingine. Katika kurasa zako 180 nimeweka alama vipande vinane vya namna hiyo kwa penseli. Ukikosa hata vinne mwenyewe, niambie nikutumie orodha.

Upande wa WhatsApp kuna jambo la kiufundi linalowaangusha wengi. Ile orodha ya kutumia watu wengi ujumbe kwa pamoja, brodikasti, inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wewe unadhani umewaandikia 200, kumbe umewafikia 40. Stetasi nayo haionekani mpaka nyote wawili mmehifadhiana namba. Kwa hiyo kila anayenunua kitabu, mwombe palepale ahifadhi namba yako, na wewe uhifadhi yake kwa jina na mji. Daftari la watu 150 waliokusoma na wanaokupokea lina faida kuliko wafuasi elfu kumi wa kijana wako.

Na hao watakupataje, ikiwa ukurasa wako wa mwisho ni mweupe? Nimeufungua. Msomaji amemaliza kitabu saa tano usiku, amejua jeneza lilikuwa na nini, ana maneno yamemjaa kifuani, anageuza ukurasa: hakuna kitu. Hakuna namba, hakuna "niandikie". Hiyo ndiyo saa pekee ambayo msomaji yuko tayari kukutafutia wasomaji wengine watatu, na umemwacha hapo. Vitabu vimeshachapwa, ndiyo, lakini dawa yake ni rahisi. Nenda kwa mchonga mihuri pale mjini, achonge muhuri wa mpira wenye mistari miwili: "Umemaliza? Niambie ulichofikiri," na namba yako. Toa maboksi chini ya kitanda, kaa jioni moja na wanafunzi wawili, mgonge nakala zote 430.

Hizo laki nne kama kweli unazo, nakushauri utoe nakala 30 bure, lakini uchague wa kuwapa. Usimpe mtu maarufu. Atapiga picha na jalada. Mpe mkutubi wa maktaba ya mkoa hapo Morogoro. Mpe mwanafunzi wa chuo kikuu, Mzumbe au SUA, ambaye wenzake huazima vitabu kwake. Mpe mwenye saluni ambako wateja wanakaa saa tatu wakisukwa. Mpe mama mmoja wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, yule anayesimulia tamthilia hadi wenzake wanasahau marejesho. Baada ya wiki mbili mpigie kila mmoja simu. Usimuulize "Umekipenda?" kwa kuwa atasema ndiyo. Muulize amefika wapi. Kama kumi wamekwama ukurasa wa 20, tatizo lako haliko kwenye matangazo kabisa, na ni heri ulijue kabla hujachapa tena.

Maduka ya vitabu nayagusa haraka. Watapokea kwa mali kauli, unalipwa kikiuzwa, na watataka punguzo la asilimia 30 hadi 40. Kwa bei yako, duka likichukua asilimia 35 unabaki na 6,500, umeshatumia 6,000 kuchapa, na nauli ya kifurushi cha basi inamaliza iliyobaki. Toleo hili uza mwenyewe mkononi. Toleo la pili ukokotoe bei ukiwa umeshamweka mwenye duka ndani ya hesabu. Ukipeleka dukani hata hivyo, peleka nakala tano, usipeleke hamsini, na uondoke na karatasi iliyosainiwa.

Sasa acha niseme na wengine wote wanaosoma hapa, maana huyo kijana wa laki nne ni mdogo sana katika ukoo wake.

Kuna wa uzinduzi. Anakuandalia ukumbi, keki yenye umbo la kitabu, MC na mgeni rasmi ambaye atafika saa mbili baadaye na kulitaja jina la kitabu kimakosa. Nakala ya kwanza inanadiwa, watu wanatoa ahadi mbele ya kamera, "Mimi na familia yangu, laki tano!" Makofi. Nimekaa kwenye kamati za namna hiyo, najua daftari la ahadi linavyofanana miezi sita baadaye. Mwandishi anabaki na deni la ukumbi na picha nzuri. Sina ugomvi na sherehe, mtu kamaliza kitabu na anastahili kula pilau. Ila tuiite sherehe.

Kuna wa "namba moja Amazon". Ni kweli anaweza kukufikisha namba moja. Amazon inapanga vitabu kwa maelfu ya vijisehemu na orodha zinabadilika kila baada ya muda mfupi, hivyo kitabu kikipelekwa kwenye kijisehemu kisicho na ushindani, manunuzi machache ya ndugu zako ndani ya saa moja yanatosha. Anapiga picha ya skrini, anakutumia, anakudai. Kesho yake huonekani, lakini kwenye wasifu wako tayari umeandika "mwandishi wa kitabu kilichovunja rekodi ya mauzo duniani".

Kuna wa shule, na huyu ndiye wa kuogopwa zaidi kwa sababu anagusa ndoto ya kila mwandishi. "Nipe milioni, nina mtu wangu pale, kitabu chako kitaingia mashuleni." Tanzania kitabu kinachokwenda shule kinapita Taasisi ya Elimu, Kenya kinapita KICD, taasisi yao ya mitaala, utaratibu unatangazwa na kitabu kinapelekwa kusomwa na kutathminiwa. Nenda mwenyewe, mlango haujafungwa. Vivyo hivyo ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu: inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, ofisi zake ziko pale Maktaba Kuu, barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Nimekutana na watu waliolipa dalali mara kadhaa ya wanachotumia wenzao waliokwenda wenyewe kuuliza.

Halafu kuna wa tuzo. Tuzo za kweli za Kiswahili zipo na si siri. Ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea miswada na kuwalipa washindi kwa dola. Tanzania tuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu. Kote huko fedha inatoka kwa mtoa tuzo kwenda kwa mwandishi. Mkondo huo ukigeuzwa, ushajua uko wapi.

Mwezi uliopita alikuja ofisini bwana mmoja wa makamo, suti safi, na cheti ndani ya fremu ya kioo: "Mwandishi Bora wa Mwaka, Afrika Mashariki na Kati." Alikuwa amelipa 250,000 za "ushiriki" na 80,000 za fremu. Alitaka tumchapie toleo jipya lenye nishani ya dhahabu juu ya jalada. Nikamwuliza majaji walipenda nini hasa katika kitabu chake. Akaniangalia kidogo, akarekebisha tai.

"Hawakuomba kitabu," akasema. "Waliomba picha yangu tu."