Watarajali, tazameni na shingo ya mtoto

Jana kwenye raundi nimeisikia tena: "CT ya kichwa iko sawa, mtoto aruhusiwe." Mtoto mwenyewe katoka ajalini njia ya Singida, mkanda wa gari umemchubua shingo upande mmoja. Wadogo zangu, CT, yaani picha ya eksirei ya kompyuta, ikipigwa bila dawa ya kung'arisha mishipa inaonyesha damu na mfupa, mshipa haionyeshi. Nimelisema hili hadi koo limekauka na nitalisema tena.

1. Uliza ameumiaje, na usikilize jibu lote.

Nikiwa mtarajali kama ninyi, jioni moja aliletwa mvulana wa miaka minne. Alikuwa anakimbiza mbuzi, mswaki wa mti mdomoni, akaanguka kifudifudi. Nikamulika tochi: kaakaa laini, upande wa kushoto, tundu dogo kama punje ya uwele. Damu imekata, mtoto anacheka. Nikaandika antibayotiki na panado, nikamlaza usiku mmoja tu. Kwamba nyuma ya pale, sentimita chache, inapita karotidi ya ndani, mshipa mkubwa wa shingoni unaopeleka damu kwenye ubongo, nilikuwa nimeijibia mtihani na nikafaulu. Kitandani sikuikumbuka.

Saa tisa usiku mama yake akaja mezani. "Daktari, nimempa uji, kikombe anakishika kwa kushoto. Huyu hana mashoto." Nikamwambia, "Mama, ana usingizi, mwache alale." Sikuinuka kwenye kiti. Mama akasimama kidogo, akasema, "Na hajaniita tangu aamke." Nikamjibu kwamba koo linamuuma.

Saa mbili asubuhi bosi alimwambia acheke. Mdomo ukaenda upande mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kwenye shuka kama si wake. Bitana ya mshipa ilikuwa imechanika, damu ikaganda hapo, bonge likapanda kwenye ubongo. Kiharusi, kwa mtoto wa miaka minne. Alipona kwa kiasi: anatembea, anaongea, anaandika kwa kushoto. Vidole vya kulia havijawahi kufunguka vyote.

Mama alinipa dalili mbili, tena kwa adabu. Kati ya jeraha na kiharusi huwa kuna saa kadhaa, wakati mwingine siku mbili tatu, mtoto yuko vizuri kabisa. Muda huo ndio wa kufanya kazi, na mimi niliukalia.

2. Nani apigwe CT ya mishipa, yenye dawa? Aliyevunjika kitako cha fuvu, hasa palipo na njia ya karotidi. Pingili za juu za shingo. Taya au uso vibaya. Mwenye alama ya mkanda pamoja na uvimbe shingoni. Mwenye kope iliyolegea na mboni ndogo upande mmoja. Na yeyote ambaye udhaifu wake haulingani na CT ya kichwa. Shingo ya mtoto inalegea na kichwa chake ni kizito, msingoje mfupa uvunjike ndipo mshtuke. Anayepakatwa mbele kwenye bodaboda anarushwa kama furushi, nami sijui lini wazazi wetu wataacha.

3. Jifunzeni madaraja 5 ya daktari Biffl ya 1999, ya kupima ukubwa wa jeraha la mshipa. La 1 ni mchaniko mdogo, la 3 mshipa umetuna kama puto, la 4 umeziba, la 5 umekatika na mtoto anavuja damu: huyo mbio theatre.

4. Tiba ya wengi ni aspirini au heparini, bonge lisijengeke. Aspirini kwa kiharusi cha watoto ni miligramu 3 hadi 5 kwa kilo kwa siku. Kama kuna damu kichwani, ongeeni na daktari wa upasuaji wa ubongo kwanza. Picha irudiwe baada ya siku 7 hadi 10, kwa kuwa daraja hupanda au hushuka.

Yule wa mkanda bado yuko kitanda cha dirishani. CT ya mishipa iombwe leo, kabla ya saa sita. Na mkimpa uji, kaeni mtazame anashika kikombe kwa mkono upi.